Mji Ulipozungumziwa kwa Kijerumani

Februari 1899 Dar es Salaam ilipata gazeti la wiki. Halikuwa la Kiswahili, wala la Kiarabu, wala la Kigujarati, ingawa hizo ndizo lugha zilizosikika kutoka forodhani mpaka sokoni. Lilikuwa la Kijerumani, likaitwa Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, yaani Gazeti la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwanzilishi na mhariri wake alikuwa Willy von Roy. Lilidumu miaka 17, na katika miaka yote hiyo liliandika kama kwamba mji ni wake.

Kijerumani changu ni cha kuombea maji, lakini kurasa za gazeti hilo zinasomeka hata kwa mtu wa aina yangu mwenye kamusi na subira. Ukizifungua unakutana na ratiba za meli za Deutsche Ost-Afrika-Linie, bei ya mpira na katani, tangazo la bia, tangazo la hema na bunduki za kuwindia, taarifa ya nani amewasili na nani amekwenda likizo. Halafu, bila kukosa, makala ndefu ya kulalamika. Walowezi walikuwa hodari wa kulalamika. Mwafrika hafanyi kazi inavyotakiwa, Mhindi anauza kwa bei ya chini mno, serikali inamdekeza Mwafrika na kumlinda Mhindi, na Berlin haielewi lolote. Badilisha majina ya bidhaa tu, na makala ya mwaka 1902 ungeweza kuichapa tena mwaka 1912.

Wasomaji walikuwa wangapi? Mwaka 1913 Wazungu wa koloni nzima, kuanzia Tanga hadi Bukoba, wakihesabiwa wamisionari, watoto na askari, walikuwa 5,336. Wenyeji walizidi milioni 7. Leo ungewachukua Wazungu wote hao ukawakalisha kwenye Uwanja wa Mkapa, wangejaza kona moja tu, na jukwaa la upande wa pili lisingewatambua sura. Hata hivyo watu hao walikuwa na gazeti Dar es Salaam, Usambara-Post kule Tanga, na baadaye gazeti la pili Dar es Salaam. Hesabu hiyo haitoki ukiipima kwa wasomaji. Inatoka ukiipima kwa nani anayelipa.

Gazeti la wachache huinjikwa juu ya mafiga matatu. La kwanza ni serikali: Amtlicher Anzeiger, karatasi ya matangazo rasmi ya koloni, ilitoka kama nyongeza ya gazeti hili, kwa hiyo kila aliyetaka kujua amri mpya ya kodi au ya ardhi ilimbidi alishike. La pili ni wenye meli, mahoteli na makampuni ya biashara, waliohitaji kumfikia mteja mmoja mwenye fedha kuliko wateja elfu wasiokuwa nazo. La tatu, ambalo wanahistoria hupenda kulisahau kwa sababu halina siasa ndani yake, ni mtambo wenyewe. Mwenye mtambo katika mji wa makarani hakosi kazi, maana risiti, fomu, lebo na kadi za mwaliko zote hupita kwake. Gazeti likiwa na hasara, fomu zinalifidia. Niliwahi kuandikia gazeti dogo la mjini, na ninakiri kwamba mshahara wangu wa miezi kadhaa ulitokana na vitabu vya risiti vya maduka ya Uhindini.

Figa la kwanza lilitikisika mwaka 1906. Mwaka huo, vita vya Majimaji vikiwa bado havijazimika, alifika gavana mpya, Albrecht von Rechenberg. Huyu hakuwa mgeni wa pwani hii. Aliwahi kufanya kazi huku na Zanzibar, na Kiswahili alikijua. Majimaji yalimfundisha jambo ambalo walowezi hawakutaka kulisikia: koloni ambayo wakulima wake wanalazimishwa kulima pamba ya wengine italipuka tena. Akaegemea mkulima wa Kiafrika alime shamba lake mwenyewe na mfanyabiashara wa Kihindi anunue mazao yake, mlowezi naye asubiri zamu. Kwa Deutsch-Ostafrikanische Zeitung hiyo ilikuwa ni kusalitiwa. Kila toleo likamrushia gavana jiwe.

Rechenberg naye hakukaa kimya. Mwaka 1908 likazuka Dar es Salaam Deutsch-Ostafrikanische Rundschau, gazeti la upande wa serikali. Basi fikiria mji mdogo kama ule, wenye Wajerumani ambao ungewajua wote kwa majina ndani ya wiki mbili, ukiwa na magazeti mawili yanayotukanana kwa lugha ambayo mpagazi wa bandarini hakuielewa. Ugomvi ulishuka kutoka kwenye pamba na kodi hadi chumbani, kwa uvumi juu ya maisha ya faragha ya gavana na maofisa wake, na kufikia 1910 mambo yalikuwa mahakamani, kesi juu ya kesi za kashfa. Rechenberg aliondoka 1912, na mwaka huohuo Rundschau likafa. Lilikuwa limeegemea figa moja tu.

Ninaukazia ugomvi huu kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kwamba gazeti la mkoloni lilikuwa sauti ya serikali ya mkoloni. Hapa haikuwa hivyo. Lilikuwa sauti ya walowezi dhidi ya serikali yao, na katika ugomvi huo Mwafrika alikuwa mada asiyekuwa na nafasi ya kujibu. Aliandikwa kama mvua na nzige wanavyoandikwa, jambo linaloathiri mavuno.

Sasa njoo upande ambao von Roy na wenzake hawakuuangalia. Mwaka 1904, katika shule ya serikali ya Tanga, lilianzishwa gazeti la kila mwezi la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Lilichapwa kwenye mtambo wa shule, na vijana wa shule wakijifunzia hapo kazi ya uchapaji. Nalo lilitoka hadi 1916. Waandishi wake wengi walikuwa walimu, makarani na maakida waliotuma barua kutoka vituo vyao: mvua imenyesha huku, simba kaua mtu kule, bwana shauri mpya kafika, reli imefika mahali fulani. Kiongozi halikuwa gazeti la uhuru, tusijidanganye. Lilisifu serikali, na habari za Majimaji lilizitoa kwa jicho la mtawala. Lakini lilimzoesha karani wa Kilosa kwamba jambo alilolishuhudia yeye linaweza kusomwa na karani wa Mwanza asiyemjua, kwa lugha ambayo si ya kwao wote wawili na si ya bwana wao.

Nani alilea jambo hilo? Serikali ileile ya Kijerumani. Iliona mapema kwamba haiwezi kumfundisha kila akida Kijerumani, na baadhi ya maofisa wake hawakutaka hata kujaribu, wakiogopa kwamba mtawaliwa akishaijua lugha ya bwana atasoma na magazeti yake. (Hofu hiyo ilikuwa na maana. Ukiyasoma magazeti yenyewe utaona kwa nini.) Kwa hiyo Kiswahili kikawa lugha ya kodi, ya mahakama ndogo, ya kambi ya askari na ya shule. Kijerumani kikabaki uzunguni na kwenye kurasa za von Roy. Kilipoondoka kilituachia shule na hela, maneno mawili ambayo hakuna mzazi wa Kariakoo anayeamka asubuhi bila kuyatamka.

Vita vilikuja Agosti 1914. Kabla ya mwaka kwisha manowari za Kiingereza zilikuwa zimeshaupiga mji mizinga. Gazeti lilihamia Morogoro, mbali na bahari, likaendelea kutoka kwa karatasi iliyokuwa ikipungua. Koloni ilikuwa imezingirwa, na noti za dharura zikachapwa humuhumu nchini. Mwishoni mwa Agosti 1916 Morogoro ikaanguka. Tarehe 4 Septemba 1916 Waingereza wakaingia Dar es Salaam, na gazeti likakoma mwaka huo.

Kuna jambo la mwaka huohuo linalonishughulisha kuliko kifo chenyewe. Julai 1916, Windhoek, katika nchi iitwayo leo Namibia, ambako Wajerumani walikuwa wameshashindwa tangu 1915, lilizaliwa gazeti dogo la Kijerumani liitwalo Der Kriegsbote. Mwaka 1919 likabadili jina kuwa Allgemeine Zeitung. Bado linatoka. Nchi mbili za mtawala mmoja, vita vilevile, kushindwa kulekule. Gazeti moja linakufa, jingine linazaliwa na kuvuka miaka 100. Kwa nini?

Sababu haikuwa ubora wa wahariri wala mapenzi ya lugha. Namibia, baada ya vita, Wajerumani wengi waliachwa wabaki kwenye mashamba yao chini ya utawala wa Afrika Kusini. Tanganyika walifukuzwa, mashamba na nyumba zao zikauzwa kama mali ya adui, na hawakuruhusiwa kurudi hadi 1925. Waliporudi walirudi kama wageni katika nchi iliyokwisha kupata wenyewe wengine wa kutangaza bia zao. Mafiga yote matatu yalikuwa yameng'olewa kwa mpigo, na chungu hakiwezi kukaa hewani. Visiwa vya Karibi vina kisa kama cha Windhoek. Curaçao, gazeti liitwalo Amigoe lilianza miaka ya 1880 kwa mkono wa Kanisa Katoliki, likaendelea kuandika Kiholanzi kizazi baada ya kizazi ilhali watu mitaani husema Kipapiamento. Liliweza kwa sababu Uholanzi haikuondoka, na ofisi zake, shule zake na mahakama zake zilibaki zikihitaji cha kusoma.

Waingereza walipofika hapa, nao walitaka gazeti lao. Baada ya majaribio ya awali likaja lililodumu: Tanganyika Standard, lililotoka tarehe 1 Januari 1930 kama tawi la East African Standard la Nairobi. Mafiga yalikuwa yaleyale, lugha tu ndiyo ilibadilika. Lakini safari hii mji nao ulikuwa umebadilika.

Kariakoo ilikuwa imeshazaliwa. Jengo la soko lililojengwa na Wajerumani, ambalo wakati wa vita liligeuzwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Kiingereza, Carrier Corps, liliwapa watu wa mji jina ambalo vinywa vyao vililifanyia kazi hadi likawa Kariakoo. Mnara wa Askari wa mwaka 1927, pale katikati ya mji, una maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na kuwataja wapagazi. Kijerumani hakimo hata herufi. Mji ukapangwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja ukaachwa uwanja mtupu ili Uswahilini usigusane na wengine. Magazeti nayo yakapangwa vivyo hivyo.

Uhindini kulikuwa na Tanganyika Opinion, la Kigujarati na Kiingereza. Lilianza 1923, mwaka wa joto kali. Serikali ilikuwa imeleta sheria za leseni na kodi ya faida ambazo, pamoja na mengine, zilimtaka mwenye duka asiandike hesabu zake kwa Kigujarati. Wahindi wakafunga maduka nchi nzima, siku 54. Kwa hakika ilikuwa vita ya herufi: afisa wa kodi alitaka daftari analoweza kulisoma yeye, na mwenye duka alitaka daftari analoweza kulisoma mwanawe. Kila ninapopita Mtaa wa India, nikaona kibao cha duka chenye lugha mbili, hukumbuka mgomo ule.

Uswahilini serikali ilileta Mambo Leo, pia 1923, likitolewa na Idara ya Elimu. Lilikuwa gazeti la mwalimu, lenye mafunzo ya kilimo na usafi, na mashairi ya wasomaji ambayo watu waliyasubiri kuliko hotuba za gavana. Bado lilikuwa kitu cha kupewa. Gazeti la kwanza nchini kumilikiwa na kuhaririwa na Mwafrika lilitoka Novemba 1937, nalo ni Kwetu. Mwenyewe alikuwa Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda na mwenye duka Dar es Salaam, msomaji wa Marcus Garvey, mtu asiyependa kuombaomba. Jina hilo peke yake ni safu nzima. Wajerumani waliita gazeti lao kwa jina la koloni. Waingereza walilipa jina la bendera. Fiah akasema tu: kwetu.

Lakini Fiah hakuwa na figa hata moja kati ya yale matatu. Hakupata matangazo rasmi. Wenye maduka makubwa hawakumtangazia, kwa kuwa msomaji wake alinunua chumvi ya senti, hanunui jokofu. Mtambo hakuwa nao, akalazimika kuchapisha kwa wengine, na wakati wa vita vya pili karatasi ikawa kwa mgawo. Hata hivyo Kwetu lilisukumana hadi 1951. Ukinilazimisha nichague lipi kati ya Kwetu na Deutsch-Ostafrikanische Zeitung lililofanya kazi kubwa zaidi ya kihariri, sitafikiri mara mbili. Kutoa gazeti miaka 14 bila mafiga ni kushika chungu kwa mikono mitupu juu ya moto.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nitayapitia haraka. Mashado Plantan na gazeti lake Zuhra. Sauti ya TANU, ambalo makala yake ilimfikisha Mwalimu Nyerere mahakamani 1958 na kutozwa faini ya shilingi 3,000. Mwafrika, lililowapeleka wahariri wake Robert Makange na Kheri Rashidi Bagdelleh gerezani mwaka huohuo. Ngurumo la Randhir Thaker, lililoanza 1959, likauzwa senti 10 na kusomwa na kila kinyozi wa Kariakoo kwa sauti, wateja wakisikiliza kwa foleni. Ngurumo ndilo lililovunja ile kanuni ya mafiga: liliishi kwa wingi wa wasomaji maskini, si kwa uchache wa matajiri. Lilikufa katikati ya miaka ya 1970, magazeti ya chama na serikali yalipobaki yakitawala uwanja.

Na Standard? Kabla ya utaifishaji lilikuwa limeshaingia mikononi mwa kampuni ya Lonrho ya London. Februari 1970 Nyerere akalitaifisha, akamweka Frene Ginwala, mwanamama wa Afrika Kusini aliyekuwa ukimbizini, kuwa mhariri. Mwaka uliofuata Ginwala akaondolewa baada ya tahariri iliyoshambulia mauaji ya wakomunisti kule Sudan. Aprili 1972 Standard likaunganishwa na The Nationalist la TANU, likawa Daily News. Ninachokiona cha ajabu ni kwamba serikali iliyokifanya Kiswahili lugha ya taifa, iliyougeuza Mtaa Mpya kuwa Lumumba, haikuligeuza gazeti hilo kuwa la Kiswahili. Kwa watu wa ndani lilikuwapo Uhuru, gazeti la Kiswahili. Kiingereza kiliachwa kwa mabalozi, wafadhili na wasomi, yaani tena kwa wachache, na tena serikali ikiwa figa.

Ukipita asubuhi kwenye meza ya magazeti pale Msimbazi, utaona jinsi muuzaji anavyopanga mali yake. Ya michezo na ya Kiswahili huwekwa mbele, ndiko macho ya wachunguliaji yanakoangukia, na wachunguliaji ni wengi kuliko wanunuzi. Ya Kiingereza hukaa pembeni, machache, yakisubiri dereva aliyetumwa na ofisi ya Posta au Upanga. Anayeyanunua mara nyingi hatoi fedha yake mfukoni. Sisemi yafe, nimeyaandikia na nitayaandikia. Ninasema mhariri wa gazeti lolote kati yake anayeandika tahariri ikianza na "wananchi wanataka" aulize kwanza ni mwananchi yupi aliyelinunua.

Kurasa za gazeti la von Roy, lile lililosomwa na elfu chache, leo zimepigwa picha na kuwekwa wazi na Maktaba ya Serikali ya Berlin, bure kwa yeyote mwenye intaneti, hata akiwa amekaa kwenye kibaraza cha Mtaa wa Narung'ombe. Magazeti ya senti 10 yaliyosomwa na mji mzima yaliishia kufungia karanga na vitumbua. Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji wangu wa Gerezani, Ilala, Magomeni na Kariakoo yenyewe, hasa mnaorithi nyumba za mababu na mnaotaka kuzivunja mjenge ghorofa. Kabla hamjamwita mnunuzi wa makaratasi, fungueni yale masanduku ya bati chini ya vitanda. Mkikuta Kwetu, Zuhra, Mwafrika au Ngurumo, hata likiwa toleo moja lililoliwa kingo na mchwa, lipelekeni Nyaraka za Taifa pale Upanga, au maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani. Msilikunje.